Fundo Kwenye Waya

Eti kwa nini kila waya nikiushika naufunga fundo? Na kwa nini spika siifungi kwenye boksi mpaka niiguse na betri? Wee mtoto una maswali. Haya, nishikie hiyo bisibisi nikwambie. Ila bibi yako asisikie kwamba nimeanza tena, atahama nyumba.

Kaka yangu mkubwa, babu yako yule mshonaji, kwa miaka thelathini na moja hakula chakula kwangu. Hata tonge. Hata chai. Msibani alikuja. Mama yako alipoolewa alikuja, akaketi karibu na mlango, akaomba maji, akanywa, akaaga. Kisa? Spika.

Nilipooa mimi, aliniazima mashine yake ya santuri, na amplifaya, na spika mbili kubwa za mbao. Alikuwa akiipenda ile mashine, we acha tu. Aliishonea mpaka kifuniko cha kitambaa, na mifuko pembeni. Sasa mimi, kwa shukrani, nikasema nitamrudishia inang'aa. Nikafungua maboksi, nikatoa spika, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikarudisha. Mimi fundi baiskeli, lakini mikono haikai. Nikampelekea. Akawasha, akainamisha kichwa, akasema, "Besi iko wapi?"

Nikamwambia, "Si hiyo hapo, Kaka."

"Hii si besi. Huyu mwimbaji anaimba kupitia pua. Umenitolea spika zangu ukaniwekea za bei chee."

Nikaapa. Akaapa na yeye: chakula changu hali mpaka nimrudishie besi yake. Mashine hakuitaka tena, nikarudi nayo nimeibeba kwenye baiskeli, boksi moja nyuma, jingine mapajani, karibu nivunje shingo. Ikakaa stoo chini ya magunia. Na mimi nikavimba. Mtu kukuita mwizi, mdogo wake wa tumbo moja!

Basi mwaka ule wa thelathini na moja bibi yako akaniambia, "Shemeji anahamia kwa binti yake, mbali. Jumapili hii nimemwalika chakula cha mchana. Amesema kuja atakuja, kula ataona."

Atakuja kuaga halafu aondoke na njaa yake, moja kwa moja. Sikulala vizuri wiki nzima. Nikaitoa mashine stoo.

Mjukuu wangu, ilikuwa hali mbaya. Mkanda wa kuzungusha sahani inayobeba santuri umekatika. Nikakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli, mwimbaji akawa anayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu, nikapata mashine imekufa, nikautoa mkanda wake, ukakaa. Kwenye amplifaya, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, kapasita, vilikuwa vimevimba matumbo. Nikanyofoa vingine kwenye televisheni ya jirani iliyoungua, nikachagua vya namba zilezile, nikalehemu. Kingo za spika zimeoza, ukigusa unga. Nikachana mwavuli wa bibi yako, kitambaa chepesi kile, nikakata duara, nikabandika kwa gundi ya tyubu.

"Mvua ikinyesha nitajifunika spika?" bibi yako akauliza.

Kitu nilichonunua dukani ni sindano ya santuri peke yake. Vingine vyote vya kuokota.

Jumapili asubuhi nikawasha. Ikaimba! Safi, haikwaruzi, haiyumbi. Lakini besi, hamna. Ileile sauti ya pua.

Nikafungua, nikafunga. Nikasogeza maboksi ukutani, nikayatoa. Nikaenda dirishani kuangalia kama kaka anakuja, nikarudi, nikaenda tena. Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda kweli? Labda siku zile nilipoziacha spika uani nikisubiri vanishi ikauke, mtu alizibadilisha? Nikazigeuza, nikatazama mgongoni: alama ya chaki ya kaka, ileile ya washonaji, ipo. Spika ni zake. Sasa besi imekwenda wapi?

Bibi yako anapita na sahani, anarudi, anapita na vikombe. "Mzee, keti. Unanizungukia kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nikiketi ndiyo besi itakuja?"

"Ukiketi nitapata pa kupita." Kisha akasimama, sahani mkononi. "Lakini hiki kidude chako kina mambo. Nikipita karibu na boksi hili, wimbo unajaa. Nikipita karibu na lile, unajaa. Nikifika hapa katikati, unanikimbia."

"Hebu rudia."

"Sirudii, mchuzi unaungua."

Nikasimama pale katikati mwenyewe. Kweli, umenikimbia. Nikainama kushoto, umejaa. Nikachomoa waya wa spika moja, ikabaki moja peke yake: besi hiyo! Nikairudisha ya pili, besi ikafa. Mbili pamoja zinauana!

Nikachukua betri ya tochi. Spika ina waya mbili, chanya na hasi. Ukigusisha betri, chanya kwa chanya, ile karatasi ya spika inaruka nje. Nikagusa ya kulia, ikaruka nje. Nikagusa ya kushoto, ikaingia ndani. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Miaka thelathini na moja zinapigana, na sisi juu yake.

Sasa fundo. Siku ile ya vanishi sikuwa na waya za rangi mbili, nilitumia waya wa taa, mweupe mtupu. Nikaweka alama: fundo kwa chanya. Waya wa kushoto ukawa mfupi, nikaukata, nikaunga kipande, fundo nikalifunga upya kwa kukumbuka tu. Nikalifunga upande wa hasi. Mimi, kwa mikono hii.

Nilikuwa nimepiga magoti, lehemu inafuka, ndipo mlango ukabishwa. Kaka. Amezeeka, fimbo mkononi, koti amelishona mwenyewe, limenyooka. Akaketi palepale karibu na mlango.

"Shemeji, karibu mezani," bibi yako akasema.

"Maji yanatosha, shemeji."

Sikumsalimia hata. Nikageuza zile waya mbili, nikabana, nikaweka sindano kwenye santuri. Mjukuu wangu, vikombe vya bibi yako vilitetemeka kabatini.

Kaka akanyanyuka, akaja polepole mpaka katikati, akaweka kiganja juu ya boksi. Wimbo ukaisha. Sindano ikawa inakwaruza peke yake, hakuna wa kuinyanyua.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

"Humuhumu. Spika zako sikuzibadilisha, Kaka. Ila besi niliiua mimi. Waya wa kushoto niliufunga kinyume. Ulisikia sawa."

"Waya?"

"Waya. Fundo nililiweka siko."

Akanitazama, nikajua sasa fimbo inakuja. "Yaani mimi ningekushonea suruali, mguu mmoja unatazama mbele, mwingine nyuma..."

"Ningeivaa, Kaka."

"Ungeivaa kweli, mjinga wewe!" Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Na mimi nikakuita mwizi, mdogo wangu. Mbele za watu."

"Nimeshasahau."

"Hujasahau. Wala mimi."

Bibi yako akatokea na jagi na beseni. "Mmalize au nimwage chakula?"

Kaka akakunja mikono ya koti, akanawa, akavuta kiti kilichokuwa cha baba yetu, akaketi. Mimi nikaenda kugeuza santuri.

"Wewe," akasema, mdomo umejaa tayari, "hebu keti ule."

Nikaketi.