Kiti cha Foronya

Sina maneno matamu mimi, na leo sitayatafuta. Wifi yangu amekufa kwa sababu alinitii.

Miaka kumi na minne nimesimamia chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka zote za wagonjwa zinashuka kwetu zimefungwa mafurushi, na humo ndani, jamani, tumekuta mengi: miwani, meno ya bandia, hata paja la kuku alilolificha mgonjwa aliyekatazwa mafuta. Na sindano. Nesi akizidiwa na kazi, sindano anaisahau kitandani, shuka inafungwa nayo, na mkono wa dobi ndio unaoikuta.

Sasa kwetu kulikuwa na utaratibu, na niliuanzisha mimi kwa mdomo wangu huu. Dobi akichomwa anaosha kidole kwa sabuni, halafu siku hiyo hagusi mzigo tena. Anakaa kwenye kiti changu anakunja foronya, wenzake wanabeba mafurushi yake. Nesi aliyesahau anashuka na soda, anaomba radhi, yamekwisha. Kitabu cha ajali kilikaa kwenye droo yangu, na kila mwisho wa mwezi nilikitoa nikajaza maneno mawili, "Hakuna aliyeumia", nikatia sahihi. Kwani ukiandika ukweli, nesi anaitwa ofisini, na nesi huyo huyo ndiye anayetupenyeza kwa daktari watoto wetu wakiugua. Utamchongeaje mtu wa namna hiyo? Nilijiona nina utu kweli kweli.

Wifi, mke wa kaka yangu, nilimtafutia kazi hapo mwenyewe. Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Mwaka juzi, asubuhi, alikuwa anafungua furushi la wodi ya wanaume, sindano ikamzama kidole gumba. Akanyamaza. Chiriku, akanyamaza!

"Wifi, naona niende nikapimwe damu, niandikwe," akasema baadaye. "Hii imeingia sana."

"We nawe! Kazi umeanza jana? Osha mkono, kaa."

"Lakini tangazo pale ukutani linasema siku hiyo hiyo."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikamwambia, na wenzetu wakacheka. Yeye akalisikia la mkuu. Akakaa, akakunja foronya mpaka saa ya kutoka, na soda yake akainywa.

Mwaka huu macho yake yakawa ya njano. Homa ya ini, ile inayoambukizwa kwa damu, daktari akasema, na ini lenyewe limeshaharibika. Kaka akaomba fidia. Ikikubaliwa kwamba mkewe aliumia kazini, angepelekwa hospitali kubwa akatibiwe kwa gharama ya mwajiri. Ikikataliwa, arudi nyumbani akasubiri.

Nilimfuata yule nesi wa soda. Nilimpigia magoti aje ashuhudie, mimi na ukubwa wangu wote. Akanitazama usoni akasema hakumbuki kitu.

Afisa wa fidia alituita mimi na kaka. Mama mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Akafungua kitabu changu.

"Mwezi ule nasoma hapa, hakuna aliyeumia. Na kabla yake, na baada yake."

Nikajikaza kisabuni. "Nilidanganya. Alichomwa mbele yangu. Alitaka kupimwa, nikamkataza."

Kaka akageuka kunitazama. Hilo hakuwa amelijua.

"Miaka kumi na minne ulikuwa unadanganya?"

"Ndiyo."

"Sasa mama yangu, leo nikuamini kwa lipi? Ungeniletea hata kipimo cha damu cha siku ile, kinachoonyesha alikuwa mzima, ningempigania."

Maombi yakakataliwa. Kaka hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alishuka ngazi peke yake, na mpaka leo akinikuta nyumbani kwa mama anatoka nje.

Chiriku ndiye aliyenisemesha. Nilikaa naye siku za mwisho, tumbo limemjaa maji, akaniita karibu. "Wifi," akasema, "kumbe soda ile ndiyo ilikuwa fidia yangu." Akacheka. Mimi nikatoka kwenda kulia chooni.

Tulimzika Alhamisi. Jumatatu nikarudi kazini, na kabla ya saa nne dobi mmoja, mama wa mapacha, akapiga ukelele. Damu kidoleni. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wenzake walishaanza kubeba mafurushi yake, naye akaosha mkono, akaenda moja kwa moja kwenye kiti changu, akakaa, akavuta foronya.

"Inuka," nikamwambia. "Twende ukapimwe."

"Usiandike, mama. Nesi wa wodi hiyo ana watoto, atafukuzwa."

"Na Chiriku hakuwa na watoto? Inuka, nasema!"

Nilimshika mkono nikamkokota mpaka maabara, njia nzima analia na kunilaani. Nikasimama pale mpaka damu ikachukuliwa. Kisha nikarudi kwenye droo yangu, nikaandika jina lake, saa, kidole, wodi. Ulikuwa mstari wa kwanza wa kweli katika kitabu kile, na haukuwa wa wifi yangu.