Sauti ya Kionjo

Filamu ya katuni huuzwa kabla haijaiva. Bosi wa studio alipenda kusema hivyo, na mwaka mzima kabla filamu ya nungunungu mzee haijakamilika, alitaka kionjo cha dakika moja kitoke ili watu waanze kuingoja. Kilichokuwa tayari ni tukio moja tu, nungunungu akizungukazunguka njia panda. Hata mwigizaji wa sauti alikuwa hajapatikana.

"Weka sauti yoyote," bosi alimwambia mhariri. "Tutaibadilisha baadaye."

Mhariri akamfikiria baba yake, fundi bomba mstaafu, mwenye sauti ya kukwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni. Mzee akaja kwenye chumba cha kurekodia, akavua kofia, akasafisha koo, akasema: "Mimi sijapotea. Njia ndiyo imepotea." Fundi sauti alicheka mpaka ikabidi warekodi upya.

Kionjo kikasambaa kama moto wa nyikani. Watoto mitaani waliokosa goli walisema goli ndilo limepotea. Wazee waliocheza drafti na baba yake mhariri wakambatiza Mzee Nungunungu, na jina likamkaa kama koti la kushonewa.

Miezi michache baadaye bosi alimwita mhariri ofisini. "Sauti ya baba yako imefanya kazi yake. Sasa nataka jina la kuweka kwenye bango." Alikuwa amempata mchekeshaji maarufu. Mhariri alibisha, lakini nusu mdomo, maana makubaliano aliyajua tangu mwanzo. Baba yake ndiye hakuwahi kuelezwa.

Jioni hiyo akaenda nyumbani kwa wazazi wake ili amwambie. Akamkuta mzee mbele ya kioo cha kabati, akiguna na kunguruma.

"Naizeesha sauti kidogo," mzee akasema. "Wakiniita kumalizia, nisikuaibishe. Wataniita lini?"

"Bado wanachora, baba."

Haukuwa uongo, kweli walikuwa bado wanachora. Mama, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, akamtazama mhariri, binti yake, kisha akaendelea kukunja.

Baada ya hapo kila siku ikawa na udhuru wake. Leo mzee ana mafua, kesho ana furaha mno. Huku kazini, mhariri mwenyewe ndiye aliyeipachika sauti ya mchekeshaji, tukio baada ya tukio. Bango lilipobandikwa mjini, mzee, akipita na binti yake, alisimama akalisoma taratibu.

"Huyu mchekeshaji naye yumo? Labda kuna fisi, atakuwa yeye."

Mhariri akasema wawahi nyumbani, jua linawaka.

Siku ya onyesho la kwanza alipanga kumwambia mlangoni. Lakini mzee hakuja peke yake. Alikuja na mama na wenzake wote wa drafti, wamevaa makoti, wamenyoa, wanataniana kama vijana. Mhariri akameza maneno yake. Taa zikazimwa.

Nungunungu akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mtu mwingine.

"Mbona si wewe?" mmoja wa wazee akanong'ona.

"Nyamaza, tuangalie," baba akamjibu.

Akaangalia mpaka mwisho. Watu walipocheka, naye alicheka. Walipopiga makofi, alipiga. Binti yake, kiti cha pembeni, hakuthubutu kugeuza shingo.

Nje, mzee alisimama naye kando ya ngazi. "Jamaa anaweza," akasema.

"Baba, nisamehe. Nilijua tangu zamani."

"Kubadilishwa si kitu, mwanangu. Mabomba mangapi nimefunga, wakaja wengine wakayang'oa. Ila ungeniambia mapema. Hawa wazee nisingewaita."

Kisha akawafuata wenzake, waliokuwa wamejikusanya pembeni wakitazama viatu vyao. Mhariri alimwona akiwaeleza jambo kwa mikono, na mmoja akimpigapiga begani kama mtu anayetoa pole msibani.

Filamu iliuzika vizuri, na mhariri akapewa kionjo kingine. Baba yake hakuligusa tena jambo lile, na hilo ndilo lililomchoma. Angefokewa, angalau angelia, angejitetea, yakaisha. Sasa akifika nyumbani mzee humkaribisha, humvutia kiti, humuuliza habari za kazi kwa adabu nyingi, na hasubiri sana jibu.