Wazee Mdomoni mwa Duara

Mtemi Maige alipofariki, wazee wa ukoo walifunga safari hadi Segese kumkamata mrithi wake. Ndivyo mila ilivyotaka: utemi hauombwi wala hautolewi, mtu hukamatwa ghafla kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Mrithi alikuwa Mayala, mtoto wa dada wa marehemu. Mayala alikuwa mchimbaji, na kwa mtemi ni mwiko kuingia chini ya ardhi akingali hai. Habari za wazee zilimkuta ndani ya duara, shimo lake la kuchimbia, anafuata mwamba wenye dhahabu. Akaamua kutopanda.

Duara lina mdomo mmoja. Wazee waliliona hilo, wakakaa hapo.

Mchana, mshirika wake Kalisti alimshushia wali.

"Bado wapo?"

"Wapo. Wanatazama shimo."

"Waambie nimekufa."

"Nimeshawaambia. Wamesema watasubiri mwili."

Jioni Mayala alisikia juu ukelele wa mwanamke. Alimjua: ni mdogo wake Limi, aliyewapikia wachimbaji pale machimboni. Alipanda mbio, tope hadi masikioni, akakuta wazee wamemshika Limi mikono yote miwili, naye bado ana mwiko wa ugali.

"Amefanya nini?"

Kalisti akamweleza. Wachimbaji wawili walikuwa wamekamatana mashati kwa ajili ya pampu iliyoazimwa ikaungua. Walimwendea Limi, kama kawaida yao. Limi, bila kuacha kusonga ugali, aliwaambia waitengeneze pamoja, na mpaka ipone watakula sahani moja. Wakanawa, wakakaa, wakala. Wazee wakainuka, wakamkamata.

"Lakini huyu ni mwanamke," alisema Mayala.

"Tumeona," akajibu mzee Amosi. "Bibi wa bibi yenu naye alikuwa mwanamke. Alitawala, na mvua ilinyesha."

"Mrithi ni mimi! Mimi ndiye mkubwa!"

"Wewe ulifariki mchana. Tumekupa pole."

Limi hakulia. Alimkabidhi kaka yake mwiko, akasema, "Usiuache ukashika chini," akaondoka katikati ya wazee.

Mayala akasonga ugali. Alikuwa amepata alichokitaka, na bado kifua kilimuuma kama mtu aliyeibiwa. Wachimbaji walikula. Mmoja alisema una madonge.

Siku ya kumsimika mtemi mpya Mayala alikwenda, amevaa shati la kuazima, akapanga foleni na watu wengine. Limi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mjomba wao, amenyooka. Huyu ndiye mdogo wake ambaye Mayala alimbeba mgongoni, akamfuta kamasi.

Zamu yake ilipofika alipiga magoti.

"Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba," alisema Limi mbele ya watu wote. Kisha akainama, na kwa Kisukuma cha nyumbani akamuuliza kama amekula.