Dirisha la Nyumba ya Eliasi

Namnyaki alikuwa shambani akipalilia maharage, upande wa magharibi wa Mlima Meru, shemeji yake Lengai alipotokea kwenye ukungu. Hakumsalimu. Alimtoa jembe mkononi taratibu, akaliweka chini.

"Gidion hakuamka leo," alisema.

"Anaumwa?"

Lengai alitikisa kichwa, akageuza uso. Namnyaki akaketi palepale, juu ya maharage yake.

Gidion alikuwa mwanawe wa pekee. Miaka ile Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Arusha, na vijana waliojua kusoma na kuandika walitafutwa kwa kazi za ukarani. Shule ilikuwa mbali mno na nyumbani, hivyo Gidion akapanga chumba Levolosi pamoja na mwenzake wa Kimeru, Nathanaeli. Mwenye nyumba aliitwa Eliasi, fundi mwashi, mtu wa kanisani. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, kuta zimekandikwa zikakazana, na watu waliisifu kwamba upepo hauingii.

Namnyaki alikijua chumba kile. Mwisho wa masika aliwapelekea vijana maziwa, akakuta kibanda cha kupikia kimeangushwa na mvua, na dirisha la chumba limezibwa kwa mawe na udongo. Mwizi alikuwa amepitisha mkono akachukua blanketi, naye Eliasi akaona dawa ni kuziba.

"Baba Eliasi," alimwuliza siku ile, "sasa watapikia wapi? Na humo ndani watapumua vipi?"

"Mvua ikikatika tu, mama. Nitasimamisha jiko, na dirisha nitalizibua nilitie vyuma. Usiwe na shaka."

Namnyaki hakuwa na shaka. Mvua ikakatika, baridi ya Juni ikaingia, na Gidion akaleta habari kwamba wanatetemeka mpaka meno yanagongana. Mama yake akamtafutia makaa kwa wahunzi, gunia zima, akampelekea yeye mwenyewe mpaka mlangoni, hakuingia ndani. Gidion alicheka kwa furaha alipolipokea.

Sasa alishuka mjini akiwa nyuma ya Lengai, bila kulia. Walipofika Levolosi ua ulikuwa umejaa. Gidion alilazwa juu ya mkeka, amefunikwa shuka. Namnyaki alimfunua. Mashavu yalikuwa na wekundu kama ya mtu aliyetoka kukimbia, hata akamshika bega akamtikisa, akimwita kwa jina lake la utotoni. Wanawake wakamwondoa.

Nathanaeli alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, amejitapikia kifuani. Yeye alilala karibu na mlango. Kulipopambazuka alijikokota akausukuma kwa miguu. Mganga wa boma alikuwa amekuja na kuondoka. Alisema si homa wala si sumu ya mtu. Makaa yakiwaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa mbaya isiyoonekana wala kunusika, na aliyelala haamki.

Eliasi alisimama mbele ya watu, kofia mkononi.

"Ni msiba wetu sote," alisema. "Lakini mimi sikuwaambia walale na moto. Na makaa yenyewe, mama, samahani, uliyaleta wewe."

Watu walimgeukia Namnyaki. Ilikuwa kweli. Alilibeba gunia lile mgongoni mwake, tangu nyumbani mpaka mlangoni pale.

Nathanaeli ndiye aliyesema, kwa sauti ya mgonjwa. "Shikamoo, mama. Tulipikia nje mpaka kibanda kilipoanguka. Tulimwomba Baba Eliasi akisimamishe. Tukamwomba tena. Tukasema basi tufungue dirisha wenyewe, akatuambia atakayegusa ukuta wake atafute pa kulala. Jana kulikuwa na manyunyu. Tungewasha wapi?"



Lengai akasogea mbele. Alidai ng'ombe wa fidia, kama desturi ilivyotaka, na wazee waliokuwepo wakaanza kushauriana kwa sauti za chini. Namnyaki akawakatiza.

"Ng'ombe ni maneno yenu wanaume. Vyumba vile vingine viwili vinalala nani?"

"Wanafunzi," mtu alijibu.

"Vina madirisha?"

"Nayo yalizibwa," alisema mtu yuleyule.

"Basi sitamwondoa mwanangu hapa mpaka yafunguliwe. Yote. Na ayafungue yeye."

Eliasi aliwatazama wazee, lakini hakuna aliyemtetea. Akaenda kuleta sururu. Alipiga ukuta alioukandika kwa mikono yake, kwanza polepole kama anayeona haya, kisha kwa nguvu, machozi yakimchuruzika pamoja na vumbi. Udongo ulianguka ndani, juu ya kitanda cha Gidion. Namnyaki alisimama akitazama hadi dirisha la mwisho. Halafu akawaambia wabebaji waanze safari.

Walimzika jioni ileile, mwinjilisti wa misheni akaomba. Eliasi alifuata msafara kwa mbali, hakuthubutu kufika kaburini. Ng'ombe wakaja baadaye, Lengai akawapokea. Namnyaki hakuwakamua hata mmoja.

Ilimchukua muda mrefu kuwasha moto ndani ya nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya nyasi, moshi hupenya popote, naye alijua hilo. Hata hivyo aliufanya nje, na mvua iliponyesha alikula viazi vya jana vilivyopoa. Majirani walimsihi. Aliwaitikia vizuri, akaendelea vilevile.

Nathanaeli alipona, akarudi shuleni, akawa karani. Mara ya kwanza alipokuja kumtembelea, Namnyaki alimsikia akibisha hodi kwa sauti ya kijana aliye hai, akapitia mlango wa nyuma akajificha zizini mpaka alipoondoka. Mara ya pili alifanya hivyohivyo. Ya tatu alibaki ameketi. Kijana aliinamisha kichwa apate kuguswa, kama watoto wa huko wanavyowasalimu wakubwa, naye akakiwekea mkono, akashindwa kuuondoa.