Kitabu Kilichowekwa Rumande

Wanachuo walikuwa na jina lao la kabati lililokaa nyuma ya meza ya maktaba. Waliliita rumande, kwa sababu kitabu kikiingia humo hakikuwa na dhamana. Mkufunzi akitaka darasa zima lisome kitabu, na kitabu chenyewe kiko kimoja tu, alikwenda kujaza fomu kwa Mzee Lazaro, mtunza maktaba: jina la kitabu, jina lake, darasa gani, kila msomaji apewe saa ngapi, na kitabu kikae humo hadi tarehe ipi. Mzee Lazaro alibandika kikaratasi chekundu mgongoni mwa kitabu, akakifungia. Tangu hapo aliyekitaka aliacha kitambulisho mezani, akaandika jina lake daftarini, akasoma saa mbili humo humo ndani, akarudisha. Hata mkuu wa chuo asingethubutu kukibeba kwenda nacho nyumbani.

Mwezi wa nane mwaka 1974, Mwalimu Lupakisyo, mkufunzi wa saikolojia, aliweka rumande kitabu chake mwenyewe. Chuo kilikuwa kimeagiza nakala kumi tangu mwaka juzi, na kila mwezi waliambiwa ziko njiani. Hicho chake alikuwa nacho tangu akiwa masomoni, na pembezoni mwa kurasa alikuwa ameandika mawazo yake kwa penseli, mwaka hadi mwaka, mpaka kilikuwa nusu cha mtungaji na nusu chake. Aliwaambia mwaka wa pili bila kuzunguka, "Mtihani utatoka sura ya sita na ya saba. Asiyezisoma asije kunililia." Darasa lilikuwa na watu sitini na wawili.

Mmoja wa hao sitini na wawili alikuwa Marselina, binti wa Vidunda, kule milimani ambako mtu hulima huku ameshikilia mche wa kahawa asiporomoke. Saikolojia ilikwisha kumwangusha mara moja. Akianguka tena, safari ya ualimu ingeishia hapo, arudi kupanda ule mlima na sanduku lake kichwani. Na kule juu mama yake alikuwa amekwisha kuacha kumwita kwa jina. Siku hizi alimwita Mwalimu, mbele ya wageni na nyuma yao.

Tatizo la Marselina halikuwa uvivu. Kitabu kiliandikwa Kiingereza kile kigumu cha kutafuna, na yeye alikisoma na kamusi ubavuni, neno kwa neno. Wenzake waliosomea mjini walimaliza sura nzima kwa saa mbili. Yeye saa mbili zilimpa kurasa nne. Juu ya hayo alikuwa na zamu ya banda la nguruwe siku tatu kwa juma, kwa kuwa elimu ilikuwa ya kujitegemea, na nguruwe nao walijitegemea kwa Marselina. Akitoka bandani na kujimwagia maji, orodha ya wasomaji wa siku hiyo ilikuwa imejaa. Mtihani ulibakiza majuma matatu na yeye alikuwa bado yumo katikati ya sura ya sita.

Mzee Lazaro alimwonea huruma, lakini huruma yake haikufika kwenye kanuni. Kabla ya kuja chuoni alikuwa karani wa vifurushi stesheni ya Kimamba, na alikuwa na taratibu zake alizotoka nazo huko. Mwanachuo akirudisha kitabu, Mzee Lazaro alifuta kwanza jina lake daftarini na kumpa kitambulisho chake papo hapo. Alisema mtu kukaa bila kitambulisho ni kama mzigo usio na lebo. Vitabu vyenyewe aliviacha vikusanyike mezani mpaka kengele ya jioni, ndipo avirudishe vyote kabatini kwa mkupuo mmoja. Miaka tisa alifanya hivyo, na miaka tisa hakikupotea hata kijitabu cha nyimbo.

Alhamisi moja alasiri Marselina alifika mezani na kitabu mkononi.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Muda umekwisha, mzee. Mimi bado."

"Kesho ipo, Mungu akipenda." Mzee Lazaro alichora mstari juu ya jina lake, akamrudishia kitambulisho, akainuka kwenda kufunga madirisha ya upande wa mtoni, maana upepo ulikuwa umeanza kuingiza vumbi.

Kitabu kilibaki mezani, kati yao, na mgongo wake mwekundu. Marselina hakupanga. Angekuwa amepanga, labda angeogopa. Alikichukua, akapita kati ya rafu hadi pembeni kabisa, palipokuwa na mabuku ya ripoti za mkonge zilizoachwa na wazungu wa mashamba, vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa zaidi ya mchwa. Akakisukuma nyuma yao. Kesho, alijiambia, angefika mlango ukifunguliwa, akae pale pembeni kama anayesoma habari za mkonge, amalize sura zake kutwa nzima, na jioni akirudishe mezani. Siku moja tu. Nani amewahi kufa kwa kitabu kuchelewa siku moja?

Asubuhi kwenye mstari wakaambiwa mwaka wote wa pili wapande lori. Operesheni ya vijiji ilikuwa imefika Mvumi, watu walikuwa wakihamishwa kutoka kwenye mashamba yao waje wakae pamoja, na nyumba hazikuwa tayari. Wanachuo wangekwenda kukata miti na kubeba nyasi. Marselina aliomba ruhusa ya kwenda maktaba mara moja. Kiongozi wa zamu akamwuliza kama maktaba ni choo. Watu wakacheka, lori likaondoka.

Walikaa Mvumi siku kumi na moja. Marselina alibeba nyasi mpaka shingo ikakakamaa. Palikuwa na bibi mmoja aliyeshushwa pale na vyungu vyake vitatu, akaketi kando ya fito zisizo na paa akiwatazama wasichana wakifanya kazi. Walipomwamkia shikamoo aliitikia, akavisogeza vyungu vyake karibu. Jioni Joha, aliyelala naye mkeka mmoja, alimwuliza Marselina mbona hali vizuri. Akasema ni maji ya pale. Alikuwa anakiona kitabu nyuma ya ripoti za mkonge kila alipofumba macho, na kila siku ilivyopita kikawa kizito zaidi.

Waliporudi, maktaba ilikuwa na kufuli geni.

Habari alizipata jikoni, kabla hajaweka mzigo chini. Kitabu cha Mwalimu Lupakisyo kimepotea. Daftari linaonyesha kilirudishwa, na msomaji wa mwisho amefutwa jina kwa mkono wa Mzee Lazaro mwenyewe, basi kimepotelea mikononi mwake. Kabati limepekuliwa mara tatu mbele ya wakufunzi wawili. Mzee amesimamishwa kazi, amekwenda kukaa kwao Kimamba kungoja uamuzi. Wengine walikwisha kusema amekiuza Morogoro. Lisemwalo lipo, walisema wapishi, na kama halipo laja.

Darasani Mwalimu Lupakisyo hakufoka. Alisimama na chaki mkononi akasema, "Mle mna maandishi yangu ya miaka kumi na moja." Kisha akageukia ubao, na wote wakaona kwamba amegeuka ili wasimtazame usoni.

Marselina alitaka kusema. Tusimwonee, alitaka kweli. Alifika hadi kibarazani kwa mkuu wa chuo, akasimama nyuma ya nguzo. Lakini mwezi wa pili uliopita msichana mmoja alifukuzwa kwa kuchana kurasa mbili tu za atlasi, na barua yake ya kufukuzwa ilisomwa kwenye mstari, ikatumwa hadi ofisi ya chama ya wilaya. Akaona barua ikipanda Vidunda. Akamwona mama yake akitafuta mtu wa kumsomea. Akarudi bwenini.

Ndipo akapata wazo lililomwonekea jema. Kitabu kikipatikana, si kesi imekwisha? Mzee atarudi, Mwalimu atafurahi, na hakuna atakayeulizwa. Jumatano maktaba ikafunguliwa, chini ya mkufunzi wa kilimo aliyekaa mezani akisinzia. Kabati la rumande lilikuwa wazi, kufuli lake lilikuwa limeondolewa tangu ule upekuzi. Marselina alikitoa kitabu nyuma ya mkonge, akakifuta vumbi kwa khanga. Angeweza kukiacha kwenye rafu yoyote mle ndani, ionekane mtu amekiweka pasipo pake. Lakini moyo wake ulitaka kukirudisha mahali pake hasa, mahali ambapo Mzee Lazaro angekiweka. Alisubiri kichwa cha mkufunzi kiinamie kifua, akapenya, akakiteremsha chini kabisa kabatini, nyuma ya furushi la magazeti. Usiku ule alikula chakula chake chote.

Kilionekana Ijumaa. Jumamosi mkuu wa chuo alisimama mbele ya mstari nacho mkononi.

"Kabati hili lilipekuliwa mara tatu," alisema. "Mashahidi wapo. Kitabu hakikuwemo. Jumanne ndugu Lazaro aliruhusiwa kuingia kuchukua mwavuli wake na miwani yake. Jana kitabu kimekutwa humo. Ndugu wanachuo, siku za mwizi ni arobaini."

Mpaka asubuhi ile Mzee Lazaro alikuwa mtu aliyesimamishwa kwa uzembe. Tangu asubuhi ile akawa mtu aliyeachishwa kwa wizi. Joha alinong'ona kwamba hata hivyo ni afadhali kitabu kimepatikana. Kwa mkono wake mwenyewe Marselina alikuwa amemfungia yule mzee mlango, na alikuwa amefanya hivyo akidhani anamfungulia.

Mwalimu Lupakisyo alijaza fomu upya na kitabu kikarudi rumande, safari hii saa moja moja. Darasa likasoma. Marselina naye akasoma, kwa kuwa kutokusoma kusingemrudisha mzee kazini. Mtihani ulikuja kama ulivyoahidiwa, sura ya sita na ya saba, na alifaulu. Alipoliona jina lake ubaoni hakusikia kitu.

Jumapili iliyofuata alipanda treni hadi Kimamba. Alikuwa ameamua. Angemwambia mzee kwanza, ana kwa ana, kisha wangerudi pamoja kwa mkuu wa chuo, na liwalo na liwe. Njia nzima aliyapanga maneno, akayapangua.

Mzee Lazaro alikaa kwenye nyumba za mstari za wafanyakazi wa zamani wa mkonge, alikozaliwa. Mkewe, Mama Gaudiosa, alikuwa anachambua mchicha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Chuoni, mama."

Mama Gaudiosa aliacha mchicha, akaingia ndani akisema kwa sauti, "Baba, umepata mgeni. Wa chuoni." Na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Marselina hakuistahili.

Mzee alitoka akifunga vifungo vya shati. Alikuwa amekonda. Alimshika Marselina mkono kwa mikono yake miwili, akamwuliza habari za wakufunzi wote mmoja mmoja, hata wa kilimo, akauliza kama madirisha ya upande wa mtoni yanafungwa jioni. Kisha akauliza, "Na mtihani?"

"Nimefaulu, mzee."

"Nilijua. Wewe ulikuwa unasoma na kamusi."

Marselina alivuta pumzi. "Mzee, nimekuja kukwambia jambo. Ni habari ya kile kitabu."

"Ngoja," alisema Mzee Lazaro, akainua kiganja. "Usinitetee. Najua mna imani na mimi, lakini nimekaa hapa nimelifikiri jambo hili mwanzo hadi mwisho. Daftari halisemi uongo. Kilirudishwa. Kabati lilipekuliwa. Basi ni mimi. Nilikichukua nikakiweka mahali, na ile Jumanne nikakirudisha, na vyote viwili sivikumbuki. Baba yangu naye alianza hivi hivi. Alikuwa anaficha jembe halafu analitafuta." Akatabasamu kidogo. "Wizi sikufanya. Lakini kichwa changu kimeanza kwenda, na hilo ni lazima nilikubali."

Mama Gaudiosa alitazama chini. Ilionekana amelisikia hili mara nyingi, na sasa yeye pia analiamini.

"Siyo hivyo, mzee," alisema Marselina.

"Ndivyo hivyo, mwanangu. Na nikishalikubali napata usingizi. Kabla ya hapo nilikuwa silali, namshuku kila mtoto aliyepita pale mezani. Nimewashuku mpaka nikaona aibu." Akamwita mkewe alete karatasi. "Nataka kumwandikia mkuu. Aniondolee hilo neno la wizi tu, kazi sidai. Mkono huu umeanza kutetemeka. Wewe una mwandiko mzuri, niliuona daftarini."

Karatasi ikaja, na kalamu. Marselina aliitazama midomo ya mzee ikitafuta neno la kwanza. Maneno yake mwenyewe aliyoyapanga kwenye treni alikuwa bado hajayasema, na alijua kwamba yakitoka sasa yatamrudishia mzee akili zake na kumwondolea usingizi. Alijua pia kwamba hiyo siyo sababu iliyokuwa inamnyamazisha.

"Andika," alisema Mzee Lazaro. "Mimi Lazaro, niliyekuwa mtunza maktaba, nakiri kwamba kitabu nilikipoteza mwenyewe kwa maradhi ya usahaulifu, na hakuna mwingine anayehusika."

Aliandika. Hakukosea hata herufi moja. Mzee alitia sahihi yake iliyopinda, akaikunja barua mara tatu, akamkabidhi aipeleke kwa mkuu wa chuo mkononi, maana posta ya Kimamba huchelewa. Akamsindikiza hadi stesheni, polepole, akimwonyesha dirisha alilokaa zamani akipokea vifurushi. Treni ilipoanza kwenda alitembea sambamba nayo hatua chache.

"Watu wote wale, na ni wewe peke yako uliyekuja," alimwambia. "Mungu akulipe."

"Amina, mzee," akaitikia Marselina.