Nyayo za Habibo

Kila asubuhi saa mbili na nusu, katika nyumba ya kukodi mtaani Waberi, mjini Garissa, Amran na Keynan walifanya mkutano wakiwa wamesimama, ili usirefuke. Kila mmoja alisema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na amekwama wapi. Mwaka huo wa 1998 shirika moja la misaada liliwapa kazi ya kuunda programu ya kompyuta ya kuorodhesha wanaostahili chakula. Kila Alhamisi walijaribu toleo jipya. Aliyewaonyesha lilipokosea alikuwa Habibo, mfugaji mjane mwenye wajukuu wanne na ulimi usio na breki.

Toleo la tatu lilikubali kijiji kimoja kwa kila mtu. Habibo alikuwa na viwili: Hadado wakati wa mvua, pembeni mwa Garissa wakati wa kiangazi. Programu ikamfuta.

Kesho yake Bare, mlinzi, alikuwa akifagia mchanga wa uani Habibo alipoingia. Mchanga ulibaki laini nyuma yake.

"Eeddo, shangazi yangu, huna nyayo," alisema Bare. Kwetu mtu hujulikana kwa nyayo kabla ya uso.

"Najua. Jana wajukuu walinitafuta mpaka magharibi, hawakuona pa kufuata. Na kadi yangu ya chakula imekataliwa."

Amran aliona aibu, maana mistari ile aliiandika yeye. Kwa siku mbili yeye na Keynan waliongeza nafasi ya kijiji cha pili. Walipoijaribu, Habibo alivuka uani: ukatokea unyayo wa kushoto, kisha wa kulia. Akapiga vigelegele.

Amran akampigia simu Alio, mkuu wao Nairobi.

"Orodha ya mahitaji ya programu ilitiwa sahihi Machi," alisema Alio. "Kijiji cha pili hakimo. Ngojeni awamu ijayo."

"Lakini mama wa watu hana nyayo!"

"Nyayo pia hazimo."

Toleo la tatu, bila kijiji cha pili, likasambazwa kwa disketi hadi Wajir. Nyayo za Habibo zilifutika akiwa anakunywa chai. Amran alilia. Habibo alimaliza chai yake.

Kufikia Desemba, mkutano wa asubuhi ulihamia uani, kwa sababu watu wasio na nyayo walipita arobaini. Keynan aliwauliza kwa zamu, Amran akaandika.

"Jana niliteka maji," alisema Habibo. "Leo nitawaita wajukuu kwa sauti, labda watasikia. Nimekwama palepale."

Walipoondoka wote, Bare alichukua fagio, akafagia nyayo za watu wawili, akaketi.