Lami Mbele ya Mlango wa Kapita

Enzi za Wabelgiji, Kasongo ilikuwa na kipande kimoja tu cha lami, na kilipita mbele ya nyumba ya kina Feza. Mpaka uzeeni Feza alikikumbuka kwa hamu: harufu yake baada ya mvua, ugumu wake asubuhi, na jinsi jua la saa saba lilivyokilegeza. Gari likipita mbio, hata limejaa pamba, halikukidhuru. Likisimama, lami ilibonyea polepole chini ya magurudumu, na jioni ilipopoa mashimo yalibaki.

Kwa hiyo dereva yeyote aliyesimamisha gari la mzigo pale mchana alifukuzwa kazi. Wa kuwataja madereva hao alikuwa kapita, msimamizi wa lami, Yakubu, baba yake Feza.

Abedi, dereva wa pamba kutoka Kabambare, alilijua hilo. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila safari alisimama kumwomba Feza maji. Kijana gani huyo, anakunywa maji ya kumtosha ng'ombe!

Yakubu alipoyaona mashimo, alimwita Abedi barazani. Feza, nyuma ya mkeka wa mlango, aliijua sauti ile. Baba alikuwa anauliza kama mzazi, akitaka kijana amtaje binti mwenyewe.

"Abedi, ni weye unasimamaka pa mulango yangu?"

Abedi yeye alimsikia kapita, si mzazi. "Hapana, baba. Mi napitaka tu. Hapa sina kitu."

"Hauna kitu?"

"Hata kimoja, baba."

Uso wa Yakubu ukashuka. "Basi usirudie tena hapa."

Msichana aliyelelewa vizuri haingilii maneno ya wanaume. Feza akaunyanyua mkeka. "Baba, anasimamaka. Ni mimi namuleteaka maji."

Yakubu alitabasamu kwanza, kisha akakumbuka kazi yake. Majirani walikuwa wamesikia, asingeweza kunyamaza. Kesho yake alimtaja Abedi kwa Mzungu wa barabara, na Abedi akanyang'anywa gari. Feza alilia, akijua ni ulimi wake uliomponza. Siku zikapita, Abedi haonekani.

Halafu asubuhi moja akatokea, ametoka Kabambare kwa miguu pamoja na mjomba wake, vumbi mpaka kwenye kope, kuku mkononi. Yakubu akatoka nje.

"Baba Yakubu," Abedi akasema kwa nguvu hata mtaa ukageuka, "nimekuja sababu ya Feza."

Feza akalia tena, mbele ya watu wote, bila haya.